Al-Khwarizmi: Mwanachuoni wa Baghdad na Michezo ya Watoto wa Kakamega

Yako majina ambayo watu huyataja kila kukicha bila ya kumjua mwenye jina. Mojawapo ni la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyeishi Baghdad yapata miaka 1,200 iliyopita. Kila mwanafunzi anayesoma aljebra anakitaja kitabu chake. Na kila fundi wa kompyuta anayesema algoriti, yaani mpango wa hatua zinazofuatana mpaka jambo likakamilika, anamtaja yeye mwenyewe, kwa kuwa neno hilo si jingine ila ni jina lake lililogeuka katika vinywa vya Wazungu.

Nimeona nimsimulie msomaji maisha ya mtu huyu kwa sababu ya jambo linaloendelea hapa nilipo. Mimi ni mtu wa pwani, ila kazi imenileta Kakamega, nchi ya msitu mkubwa na mvua za alasiri. Si mbali na hapa ni Mumias, ambako misafara ya wazee wetu wa pwani ilikuwa ikipiga kambi katika karne ya 19, na ambako Uislamu ulitia mizizi tangu enzi za Nabongo Mumia. Kila Jumamosi, watoto wakishatoka chuoni, mimi na wenzangu wawili hukaa nao tukawafunza kutunga michezo ya kompyuta. Sisemi kucheza, nasema kutunga. Wadogo wao wana miaka saba, na mkubwa hajapita kumi na miwili.

Hivi karibuni baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto wao. Walitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mchezo ni mchezo tu na hauwezi kuwa elimu. Ya pili, kwamba kompyuta ni elimu ya watu wengine, isiyotuhusu sisi wala dini yetu. Hoja hizo si za kupuuzwa, maana mzazi ndiye mwenye mtoto. Lakini majibu yake yamo katika maisha ya al-Khwarizmi, na ndiyo maana nayaeleza hapa.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WA BAGHDAD

Al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linatokana na Khwarazm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Alipozaliwa, mji wa Baghdad ulikuwa bado mchanga. Khalifa al-Mansur alianza kuujenga mwaka 762 kando ya mto Dajla, ukawa mji wa duara wenye kasri na msikiti katikati. Biashara ya China, Bara Hindi, Uajemi na pwani zetu hizi za Bahari ya Hindi ilikuwa na njia ya kufika huko. Baadaye karatasi nayo ilianza kutengenezwa mjini humo, hata vitabu vikawa rahisi kuliko zamani za ngozi.

Mwaka 813 al-Ma'mun, mwana wa Harun al-Rashid, alishika ukhalifa baada ya vita vikali na nduguye al-Amin. Al-Ma'mun alikuwa mtu mwenye kiu ya elimu. Alikusanya wanachuoni katika Bayt al-Hikma, Nyumba ya Hekima, wakafasiri vitabu vya Kiyunani, vya Kiajemi na vya Kihindi. Humo ndimo al-Khwarizmi alimofanya kazi. Hakuna aliyeona haya kujifunza kwa Mhindi au kwa Myunani. Walikichukua kilicho sahihi, wakakipima, wakakiongeza.

KITABU CHA AL-JABR

Kazi yake kubwa kuliko zote ni kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala, alichokiandika katika zama za al-Ma'mun. Al-jabr maana yake ni kuunga kilichovunjika, kama mganga wa mifupa anavyouunga mguu. Huko Hispania, ambako Waislamu walitawala kwa karne nyingi, muunga mifupa aliitwa algebrista hata baada ya utawala huo kwisha. Katika hesabu, kuunga ni kukirudisha kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha pande mbili na kuondoa kinachofanana, mpaka mizani ikae sawa.

Kitabu kizima hakina alama wala herufi za hesabu kama zile tunazoziona leo shuleni. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Kisichojulikana alikiita shai, yaani kitu, au shina, na kitu kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mal, neno lile lile lililozaa mali yetu ya Kiswahili.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe kwa njia yake. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara sita yake, utapata 55. Ukifuata njia ya al-Khwarizmi utafanya hivi. Chukua nusu ya 6, ambayo ni 3. Izidishe kwa yenyewe, upate 9. Ongeza ile 55, upate 64. Tafuta shina lake, yaani namba inayozaa 64 ikizidishwa kwa yenyewe, nalo ni 8. Toa ile 3, ibaki 5. Jaribu uone: 5 mara 5 ni 25, na 5 mara 6 ni 30, jumla 55.

Tazama alichokifanya. Hakutoa jibu la swali moja akaliacha. Alitoa njia ambayo hata asiyemjua akiifuata hatua kwa hatua atafika, leo au baada ya miaka elfu moja. Kisha hakutaka watu waifuate kama vipofu, bali alichora mraba na kuonyesha kwa macho kwa nini njia hiyo ni ya kweli. Zaidi ya hayo, aliyapanga maswali ya aina hiyo katika mafungu sita na kulitafutia kila fungu njia yake, ili lisibaki hata moja lililosahauliwa.

MIRATHI NA HAKI ZA WATU

Kwa nini alijitaabisha? Hakufanya hivyo kwa ajili ya mapambo ya akili. Alisema wazi kwamba anawaandikia watu wenye shida za kila siku: kugawa urithi, kutekeleza wasia, kuamua kesi, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni mambo ya wasia na mirathi.

Sisi watu wa pwani tunayajua mambo haya. Mtu akifariki na kuacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, na baada ya maziko, madeni na wasia zikabaki shilingi 64,000, mke atapata thumuni, yaani 8,000. Zilizobaki ni 56,000. Zitagawanywa mafungu manne: mwana mafungu mawili, ambayo ni 28,000, na kila binti fungu moja, 14,000. Huo ni mfano mwepesi. Warithi wakiwa kumi na watano, na mmoja wao akafa kabla ya mgawo, hesabu inakuwa msitu. Katika msitu huo haki ya yatima hupotea kwa urahisi, si lazima kwa dhuluma, bali kwa kukosa njia iliyonyooka.

FAHALI WA KAKAMEGA

Sasa nimlete msomaji kwa watoto wangu. Katika vijiji vya Kakamega, hasa upande wa Ikolomani, kuna mchezo wa kupiganisha mafahali. Watu hukusanyika asubuhi kwa ngoma za isukuti, na fahali wawili hupambana kwa pembe. Binti mmoja wa miaka kumi alitaka kuutunga mchezo huo katika kompyuta. Akaiamuru mashine kwamba fahali aliye dhaifu ameshindwa.

Mashine haikufanya lolote, maana haijui udhaifu ni nini. Ikambidi binti yule akae afikiri. Je, yeye mwenyewe uwanjani hujuaje kwamba fahali ameshindwa? Baada ya muda akapata: fahali aliyeshindwa hugeuka akakimbia. Basi akaandika upya kwamba fahali akigeuza mgongo na kuuvuka mstari, mwenzake apewe ushindi. Mchezo ukaenda vizuri mpaka siku fahali wote wawili walipogeuka kwa pamoja, na mashine ikampa kila mmoja ushindi. Akarudi tena, akaongeza fungu la tatu la sare.

Hilo ndilo somo la al-Khwarizmi la mafungu sita. Mtoto hujifunza kulivunja jambo kubwa vipande vidogo, kusema anachokimaanisha bila ya kubabaisha, na kuyahesabu yote yanayoweza kutokea kabla hayajatokea. Ningemwambia hayo kwa hotuba angesinzia. Mchezo wake mwenyewe ulimlazimisha kuyatafuta.

Wazee wetu wa bao wanalifahamu jambo hili bila ya kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake haziyumbi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala na zamu ni ya mwenzako. Ikiangukia shimo lenye kete, mchezo unaendelea kwa kanuni yake. Mtu aliyeweza kuzipanga kanuni hizo mpaka zikachezwa na vizazi na vizazi alikuwa mtunzi wa algoriti, ingawa neno hilo hakuwahi kulisikia.

SIFURI NA JINA LAKE

Kitabu cha pili cha al-Khwarizmi kilieleza hesabu za Kihindi, yaani namna ya kuandika kila namba kwa tarakimu tisa na alama ndogo ya duara inayolinda mahali patupu. Waarabu waliiita alama hiyo sifr, na sisi tunaiita sifuri. Bila ya sifuri huwezi kutofautisha 25 na 205. Watoto wa Kakamega wanaijua thamani yake, maana kila mchezo wanaoutunga huanza kwa kuweka alama za mchezaji kuwa sifuri. Aliyesahau kufanya hivyo huona mchezaji mpya akianza na ushindi wa mwenziwe.

Asili ya kitabu hicho kwa Kiarabu imepotea, lakini tafsiri yake ya Kilatini imebaki. Katika karne ya 12 wanachuoni wa Ulaya walikwenda Hispania kutafuta elimu ya Waislamu. Mwingereza Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-jabr mwaka 1145, na Gerard wa Cremona akakifasiri tena katika mji wa Toledo. Jina al-Khwarizmi likaandikwa Algorizmi. Vizazi vilivyofuata vikasahau kwamba huyo alikuwa mtu, vikadhani ni jina la hesabu yenyewe. Ndivyo algoriti ilivyozaliwa.

RAMANI YA DUNIA NA BAHARI YETU

Mwaka 833 alikamilisha kitabu cha sura ya dunia, chenye orodha ya mahali 2,402, miji, milima, mito na visiwa, kila kimoja na kipimo chake. Alianzia kwenye kazi ya Ptolemy, bingwa wa Misri ya kale aliyekufa zaidi ya miaka 600 kabla yake. Alimheshimu, lakini hakumfuata kibubusa. Ptolemy alikuwa ameirefusha mno Bahari ya Mediterania, na al-Khwarizmi akaipunguza ikakaribia urefu wake wa kweli. Tena, Ptolemy aliionyesha Bahari ya Hindi kama ziwa lililozungukwa na nchi kavu pande zote. Al-Khwarizmi aliiacha wazi. Manahodha wa majahazi wanaijua bahari hiyo, na wanajua nani kati ya wawili hao alisema kweli.

Katika darasa letu hili ni jambo la kila Jumamosi. Mtoto akiona mchezo wake umekwama, hatulii wala hatuchapi. Tunasoma amri zake moja moja mpaka tuikute iliyokosewa. Mtoto aliyezoea kulitafuta kosa lake bila ya aibu ataweza pia, akiwa mkubwa, kumsahihisha bingwa kwa adabu.

VINYAGO VYA WANA WA MUSA

Kuhusu wale wanaosema mchezo hauwezi kuzaa elimu, niwakumbushe ndugu watatu waliokuwa Baghdad zama hizo hizo: Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir. Baba yao alipofariki, al-Ma'mun aliwatunza, wakasomeshwa katika Bayt al-Hikma. Wakaandika kitabu cha vyombo vya hila vipatavyo 100. Vingi vilikuwa vya kufurahisha wageni: majagi yanayomimina kinywaji na kukikata ghafla, na chemchemi zinazobadili umbo. Walieleza pia zumari inayojipuliza yenyewe kwa nguvu ya maji, ikiongozwa na pipa lenye vijiti. Vijiti vikibadilishwa mahali, wimbo nao hubadilika. Wataalamu wa leo wanaihesabu hiyo kuwa miongoni mwa mashine za kwanza duniani zilizoweza kupewa programu. Ilikuwa chombo cha kuchezea.

Katika zama zetu fikra hiyo iliwafikia watoto kupitia kwa Mwafrika, Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Akiwa Marekani, yeye na wenzake walitunga mwaka 1967 lugha ya kompyuta iitwayo Logo, ambayo mtoto huitumia kumwamuru kobe atembee na kuchora. Fikra yake ilikuwa kwamba si mashine imfundishe mtoto, bali mtoto aifundishe mashine. Wanafunzi wake wa Chuo cha MIT walitoa Scratch mwaka 2007, ambayo ni bure, inapatikana hata kwa Kiswahili, na ndiyo tunayoitumia. Hapa Kenya, mamlaka ya mitaala iliidhinisha somo la kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Mlango uko wazi, ingawa vyombo ni haba. Sisi tuna kompyuta nne kuukuu. Umeme ukikatika, tunatandika mkeka, mtoto mmoja anakuwa mashine, mwingine anamwamuru kwa vikadi, na somo linaendelea.

MZEE ALIYEKUJA KUPIMA

Mzee mmoja wa msikitini alikuwa miongoni mwa waliomwondoa mtoto, mjukuu wake. Alisema amewaona vijana wakimaliza siku na pesa katika michezo ya mashine na kamari za simu. Alisema kweli. Nilimjibu kwamba anayecheza mchezo wa mwenziwe hufuata amri za mwenziwe, na ndiyo maana ni rahisi kumnasa. Anayeutunga ndiye anayezitoa amri, na akishajua namna mtego unavyotegwa si rahisi kunaswa.

Mzee hakuridhika kwa maneno. Akataka watoto waiagize mashine igawe mirathi. Wavulana watatu waliishughulikia kwa Jumamosi nne, wakaifanya mchezo ambao mchezaji hugawa kwanza na mashine humsahihisha. Walipomaliza walimwita mzee. Alikaa kimya, akajaribu mara mbili, kisha akawaonyesha kwamba mashine yao imegawa mali kabla ya kulipa madeni ya marehemu. Wale wavulana, ambao hawakuwahi kumkalia mzee huyo darasani, walimzunguka wakamuuliza maswali mpaka adhana ya adhuhuri. Hiyo haitakuwa fatwa wala haitachukua nafasi ya kadhi, na tumewaambia hivyo. Lakini siku ile niliona elimu ya mzee na chombo cha mtoto vikihitajiana. Mjukuu wake amerudi. Wengine bado hawajarudi, na milango haijafungwa.

KUFA KWAKE

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Hakuacha ufalme wala kasri. Mwaka 1983 Urusi ya Kisovieti ilitoa stempu yenye sura yake kukumbuka miaka 1,200 tangu azaliwe, na kwenye upande wa mwezi tusiouona kuna shimo kubwa lililopewa jina lake. Hizo ni heshima njema. Lakini urithi wake hasa ni ile njia iliyonyooka, inayompa mjane thumuni yake bila ya ugomvi na inayomfanya mtoto wa Kakamega afikiri kabla ya kuamuru.

Basi ewe mzazi uliye Mombasa, Lamu, Malindi au Unguja, ukimwona mwanao ameinamia mashine, usimpokonye kwanza. Muulize kama anacheza alichotungiwa au anatunga cha kwake. Akiwa anatunga, kaa naye, umuulize kanuni zake moja moja, na umpe za bao, za zaka na za mirathi azijaribu. Elimu hii haikutoka mbali nasi. Ilianzia katika mikono ya mwanachuoni wa Kiislamu aliyetaka haki za watu zihesabiwe sawasawa. Mola amrehemu.